Ketamini, halafu maneno ya nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Lamu, Langoni. Kakangu ana sonona mwaka wa tatu sasa, vidonge aina mbili havikumsaidia, hata barazani hatoki, chai namwekea inapoa mpaka yafanya utando. Daktari ametaja dripu ya ketamini pamoja na mwanasaikolojia. Si dawa ya nusukaputi hiyo? Na kama yafanya kazi, maneno ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, hiyo chai imeniuma. Ndiyo, ni ya nusukaputi, Marekani ilipitishwa 1970, lakini kwa sonona hupewa kidogo, kawaida nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, dripu ya dakika 40 hivi, halali usingizi ila anaweza kujihisi kama anaelea. Mzigo waweza kupungua ndani ya masaa, shida haukai mbali, siku chache au wiki moja mbili unarudi. Hapo ndo maneno yanapoingia: madaktari wengi wanaona siku zile ubongo uko tayari kujifunza upya, akikaa na mwanasaikolojia kesho yake lile wazo la "sina faida" anaweza kulishika akalitazama. Utafiti bado unaendelea, ila mimi naona daktari wenu kafikiri vizuri.

Apimwe presha kwanza maana dawa huipandisha, na asinunue mtaani wallahi, ikizidi huharibu kibofu na ina uraibu. Siku hiyo msindikize, asiendeshe boti wala pikipiki mpaka alale aamke. Akitaja kujiua usingoje miadi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.