Mtoto alimeza dawa ya kichocho, sasa anacho tena

"Hii dawa yenu haifanyi kazi." Nafanya kazi maabara ya zahanati iliyo karibu na Ziwa Victoria, na maneno hayo nimeyazoea. Mtoto alimeza prazikwanteli shuleni mwaka jana, leo kwenye hadubini naona mayai yaleyale ya kichocho, yenye mwiba ubavuni. Jibu langu kwa mzazi: apewe tena. Sababu inahitaji maelezo kidogo.

Dawa huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga huponea. Halafu mtoto anarudi ziwani kuogelea, anaambukizwa upya. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kinachotokea mwilini minyoo ikifa.

Mnyoo wa kichocho huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu, umejificha kinga ya mwili isiuone vizuri. Ukiuawa, protini zake zinamwagika na siri inafichuka. Hapo seli T, ambazo ni seli za kinga, hutoa saitokaini, kemikali ambazo seli za kinga hupashana nazo habari. Mojawapo, intalukini-4, huziagiza seli B, seli nyingine za kinga, zitengeneze kingamwili aina ya IgE, ambayo ndiyo silaha dhidi ya minyoo. Intalukini-5 nayo huzidisha eosinofili, chembe nyeupe zinazoishambulia. Shida inakuja intalukini-10 ikiwa nyingi: seli B huelekea kutengeneza kingamwili aina nyingine, IgG4, na hiyo ni kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake. Inashika palepale ambapo IgE ingeshika, lakini haipigani. Ina faida yake, maana hupunguza makali ya mzio, ila mnyoo nao unapata nafuu.

Nikiambiwa haya ni ya vitabuni, huwataja waosha magari wa Kisumu. Hawa husimama ndani ya maji ya ziwa kazini, na watafiti waliwafuatilia kwa miaka, wakiwatibu kila walipoambukizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukaa muda mrefu bila kuambukizwa tena, na IgE yao dhidi ya minyoo ilikuwa imepanda. Baadhi, nasisitiza. Wengine waliendelea kuugua vilevile, na wote walikuwa watu wazima. Kwa hiyo prazikwanteli si chanjo, na mtoto asiachiwe aoge ziwani eti anajenga kinga.

Siku ya dawa, mtoto ale ashibe kwanza. Vidonge vimezwe bila kutafunwa, vina uchungu mbaya. Tumbo likisokota au kichwa kikizunguka kwa saa chache, mara nyingi ni kwa sababu alikuwa na minyoo mingi. Asikatazwe kumeza safari ijayo kwa hilo. Na wale wadogo ambao hawajaanza shule msiwasahau nyumbani: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri watibiwe kuanzia miaka miwili. Waleteni kituoni tuwapime uzito, kwa sababu kipimo cha dawa hutegemea kilo, na kidonge cha kaka yake kisikatwe kwa kukisia.