Yai la binti yangu, mimba ya mwenzake: mama ni yupi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 33, anaishi Cape Town na amefunga ndoa na mwanamke mwenzake kwa sheria za huko. Baba yake hajui. Sasa wanatafuta mtoto hospitalini: yai litoke kwa binti yangu, mimba abebe mwenzake mwenye miaka 39. Sisi Wamakonde tumezoea mtoto kuhesabiwa upande wa mama. Hapa mama ni yupi? Na huyo atakayembeba miezi tisa, damu yake haitamwingia mtoto?
Mama, Newala

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na damu.

Mtoto tumboni hujitengenezea damu yake mwenyewe. Ya anayembeba hupita upande mmoja wa kondo la nyuma, ya mtoto upande wa pili. Vinavyovuka ni vitu kama chakula, oksijeni na sehemu ya kinga ya mwili. Kundi la damu, kimo, hata mwanya wa meno kama upo kwenu, hutoka kwenye yai na mbegu ya kiume. Kwa DNA, basi, huyo ni mjukuu wako sawa na wale wa Newala. Ila mbebaji naye ana mchango wake: presha, kisukari, malaria, lishe na pombe, vyote humgusa mtoto.

Kazi yenyewe iko hivi. Binti atachomwa sindano za homoni kila siku kwa siku kumi hivi, ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja badala ya lile moja la kila mwezi. Akishalazwa usingizi, daktari huyavuta kwa sindano ndefu inayopitia ukeni, huku akiangalia kwenye ultrasaundi. Maabara huyakutanisha na mbegu za mwanamume aliyejitolea na kuyatunza kwenye joto la nyuzi 37. Mara nyingi siku ya tano, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, huwekwa kwa mrija mwembamba kwenye mji wa mimba wa mwenzake, ulioandaliwa kwa dawa. Hapo ni dakika chache tu. Mimba isiposhika mara ya kwanza, msishangae, ni kawaida.

Mbona abebe mwenye miaka 39? Kwa sababu umri wa yai ndio unaoamua zaidi kuliko umri wa mji wa mimba, na mayai huanza kupungua ubora kwa kasi baada ya miaka 35. Kitabibu wamepanga vizuri, mradi huyo mkubwa apimwe presha na sukari mapema. Sababu ya pili ni ya moyoni: wanawake wengi walio pamoja huchagua njia hii ili kila mmoja awe na sehemu yake kwa mtoto, asiwepo wa kuitwa mgeni nyumbani.

Kuhusu mama ni yupi, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2003 shauri la wanawake wawili waliofanya hivi hivi: mmoja alitoa mayai, mwenzake akazaa mapacha. Ilisema wote wawili watambuliwe kuwa wazazi. Aliyetoa mbegu hana haki ya kumdai mtoto, na jina lake halitolewi. Kwetu Tanzania hali ni nyingine kabisa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inajua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, na Kanuni ya Adhabu ni kali. Kwa hiyo usilipeleke jambo hili kwenye vikao vya harusi. Habari ya ukoo ni yenu na wajomba. Maabara haina neno hapo.

Sasa kuna jambo ambalo wewe ndiye unayelijua kuliko daktari wa Cape Town. Je, kwenu kuna mtoto aliyewahi kuumwa siko seli? Binti anaweza kuwa mzima kabisa na bado amebeba nusu ya ugonjwa. Akikutana na mbegu za mwanamume aliyebeba nusu nyingine, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuzaa mtoto mgonjwa. Mpigie simu, mtajie waliougua upande wako na wa baba yake, naye aombe kipimo hicho kabla hawajachagua mbegu.