Ampu unayoweza kuibeba mwenyewe

Kwa miaka mitatu nilikuwa mpiga besi asiyesikika. Si kwamba nilipiga vibaya, ingawa hilo nalo lilikuwepo. Nilikuwa na ampu ya wati 30 yenye spika ya inchi 10, ile ile niliyojifunzia chumbani, na mazoezini mpiga drams akishaanza tu, mimi nabaki kutazama vidole vyangu vikitembea kwenye nyuzi bila kusikia kinachotoka. Nikawa napiga kwa kukisia. Nikiongeza sauti, spika inakoroma kama mtu mwenye mafua. Pembeni yangu mpiga solo, mwenye ampu ya wati 15, anatufunika wote.

Jambo hilo lilinikera kweli kweli. Yeye 15, mimi 30, halafu mimi ndiye ninayeulizwa kama nimewasha?

Jibu liko kwenye sauti yenyewe. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. E ya chini ya gitaa la solo hutetema mara 82. Kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo spika inavyolazimika kusukuma hewa nyingi zaidi ili sikio lipate kiasi kile kile. Isitoshe, ampu ya solo ikielemewa inatoa ule ukali ambao mpiga solo anautafuta kwa hamu, ila ya besi ikielemewa ni uji mtupu. Kwa hiyo mpiga besi anahitaji nguvu ambayo muda mwingi hataitumia, akiba ya kuhimili lile pigo moja zito bila ampu kutapatapa.

Basi nikafanya wanachofanya wengi wakishaumwa: nikakimbilia upande wa pili. Nikanunua mtumba, boksi la spika nane za inchi 10, refu kama friji, zaidi ya kilo 60. Lilikuwa zuri, sikatai. Ukilisimamia mbele unahisi suruali inapepea. Lakini chumba chetu cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya pili bila lifti, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wanabendi walikuwa wepesi kunishauri nilete boksi, wazito kulishika upande wa pili. Kwenye shoo ndogo hali ilikuwa mbaya zaidi. Ukumbi wa watu 50, mimi nimeweka sauti karibu na sifuri, na bado mwenye ukumbi ananionyesha kwa mkono nishushe. Mwaka mmoja baadaye nililiuza kwa hasara na sikuangalia nyuma.

Ninachotumia sasa ni kichwa cha ampu, yaani ampu isiyo na spika ndani, cha teknolojia nyepesi ya Klasi D, kilo mbili na nusu hivi, kinaingia kwenye mfuko wa begi la gitaa, pamoja na maboksi mawili yenye spika moja moja ya inchi 12. Kila boksi ni kama kilo 15 kwa sababu sumaku zake ni za neodimi, nyepesi kuliko feraiti za zamani. Mazoezini naenda na boksi moja. Shoo isiyo na spika kubwa za ukumbi, naenda na yote mawili. Gitaa mgongoni, boksi mkono mmoja, mkono mwingine unafungua mlango.

Kama unaanza na hutaki kuhangaika na vipande vipande, chukua kombo, yaani ampu na spika ndani ya boksi moja, yenye wati 200 au zaidi. Hakikisha tu ina tundu la kuongezea boksi la pili na tundu la DI, yaani la kupeleka sauti ya besi moja kwa moja kwenye mixa ya ukumbi. Kombo isiyo na hayo mawili itakuwa haikutoshi ndani ya miezi sita.

Sasa habari ya wati, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini haishangazi mtu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 300 hadi 500 ni desibeli 2 na kidogo. Ukimfumba macho mpiga drams wako hatajua umebadilisha chochote. Boksi la spika ndilo la kuangalia. Boksi lenye usikivu (yaani sauti linayotoa kwa nguvu ile ile) wa desibeli 3 zaidi linakupa kile kile ambacho ungekipata kwa kununua ampu yenye nguvu maradufu. Namba hiyo huandikwa kwenye maelezo ya boksi, na karibu hakuna anayeisoma.

Halafu kuna hadithi kwamba spika ya inchi 15 inashuka chini zaidi na ya inchi 10 ina sauti kali. Mimi siiamini tena. Nimesikia inchi 10 zinazotikisa sakafu na inchi 15 zinazobweka. Umbo la boksi na muundo wa spika vina uzito kuliko kipenyo. Watengeneza spika wanajua kwamba kati ya boksi dogo, sauti kubwa na besi ya chini kabisa, unachagua mawili. Anayekuahidi yote matatu anakuuzia stika.

Kabla hujaunganisha boksi la pili, fahamu omu, kipimo cha ukinzani wa umeme kwenye spika. Boksi la omu 8 likiunganishwa sambamba na jingine la omu 8, ampu inaona omu 4. Ukiongeza la tatu, zinashuka hadi 2.7 hivi. Nyuma ya ampu pameandikwa kiwango cha chini inachoruhusu, mara nyingi 4. Ukishuka chini ya hapo inachemka, na ikiwa na bahati inajizima yenyewe. Hii ndiyo sababu ya kununua boksi la kwanza la omu 8 na si 4: unaacha nafasi ya la pili. Na ampu ya vali, ile ya zamani yenye mirija ya kioo, usiiwashe kamwe bila spika, hata kwa dakika moja ya kujaribu.

Waya nao. Siku moja nilisahau waya wa spika nyumbani nikaunga kichwa na boksi kwa waya wa kawaida wa gitaa, kwani jeki ni ile ile, inaingia bila ubishi. Wimbo wa nne nikasikia harufu. Nikaugusa waya: wa moto, ganda limelainika kama mshumaa. Waya wa gitaa ndani una uzi mwembamba mmoja uliozungukwa na wavu wa kinga. Umetengenezwa kupitisha ishara ndogo kabisa kutoka kwenye gitaa. Waya wa spika una nyaya mbili nene. Ampu nyingi za sasa zina tundu la Speakon, aina ya tundu la waya wa spika, na likiwa la Speakon tupu jeki ya gitaa haiwezi kuingia, na mimi nashukuru kila ninapoliona.

Turudi kwenye kusikika, maana kuna jambo lililonisaidia kuliko vifaa vyote na halikunigharimu kitu. Chumbani, peke yangu, nilikuwa napenda sauti ya aina moja: sauti za chini nimezipandisha kabisa, za juu nazo nimezipandisha kabisa, za kati nimezishusha. Inavutia, kama gari limetoka kuoshwa. Ukiingia nayo kwenye bendi inapotea. Drams kubwa ya mguu inakula za chini, matoazi na solo wanakula za juu, na pale katikati ambapo ungekuwa na nafasi yako, umejiondoa mwenyewe. Siku niliyochoka kutosikika nilifanya kinyume: nikashusha za chini kidogo, nikapandisha za kati, eneo la hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 hadi 800. Nikiwa peke yangu ilisikika mbaya, kama mtu anaongea kupitia pua. Bendi ilipoanza, mpiga drams akageuza shingo katikati ya wimbo akapaza sauti: “Umenunua ampu mpya?” Ampu ilikuwa ile ile ya jana.

Jambo la pili nililolifanya siku hiyo lilikuwa kuliweka boksi juu ya kiti. Boksi likikaa sakafuni, hasa kwenye kona, sakafu na kuta zinaongeza sauti za chini, chumba kizima kinavuma huku wewe uliyesimama mita moja mbele sauti inakupiga magotini. Masikio hayako magotini. Liinue, au liegemeze nyuma litazame uso wako, na litoe kwenye kona. Utashusha sauti na bado utajisikia vizuri zaidi. Siku hizi nikifika ukumbini, kabla ya kuuliza umeme uko wapi nauliza kama kuna kiti cha ziada.

Kwenye shoo ambayo ukumbi una mitambo yake, ampu yako ni ya kwako na wanabendi tu. Wasikilizaji wanapata besi kupitia DI. Usishindane na spika za ukumbi. Kama ampu ina swichi ya kuchagua ishara itoke kabla au baada ya marekebisho yako ya sauti, weka kabla, ili ukigusa kitu jukwaani usimvurugie fundi mitambo kazi yake. Ukisikia mvumo wa umeme, bonyeza swichi ya kukata waya wa ardhi iliyo kwenye DI. Swichi hiyo inahusu waya wa sauti tu. Kuchomoa au kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme ni jambo jingine kabisa, na limeshaua wanamuziki.

Mimi pia hubeba boksi dogo la DI la kwangu, kwa sababu ampu ikifa katikati ya shoo, naunga gitaa moja kwa moja kwenye mixa na wimbo unaendelea. Imetokea mara mbili.

Vikanyagio vya miguuni? Tyuna ya kulinganishia nyuzi, basi. Kikandamizaji cha sauti, kile kinachosawazisha mapigo makubwa na madogo, ni kizuri ukishajua kupiga kwa nguvu iliyo sawa, la sivyo kinaficha ugonjwa. Kama utaongeza kimoja, tafuta kichujio kinachokata sauti zilizo chini ya hezi 35 hivi; kwa besi ya nyuzi nne, huko chini hamna muziki unaosikika, kuna mitetemo inayochosha spika bure.

Ukinunua mtumba, nenda na gitaa lako mwenyewe. Zungusha kila kitufe polepole usikilize mikwaruzo. Bonyeza spika kwa vidole vyote, taratibu na kwa usawa, ukisikia msuguano kama wa mchanga iache. Piga E wazi kwa sauti ya juu kuliko utakavyoihitaji, kisha nenda usimame mita tatu, kwani karibu na ampu kila kitu kina sauti nzuri. Na fungua sehemu ya fyuzi. Niliwahi kukuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya alumini. Muuzaji aliniambia ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Gitaa lenyewe sina maneno mengi. Muundo wa Precision uliotolewa na Fender mwaka 1951, au Jazz Bass ya 1960, au mojawapo ya nakala zao nyingi, unakutosha kwa muziki wa karibu kila aina. Nyuzi zinabadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani: zile laini zilizozungushiwa utepe bapa zinatoa sauti nzito ya zamani, zile zilizozungushiwa waya wa mviringo zinang’aa. Jaribu nyuzi kabla ya kufikiria gitaa jipya.

Nunua na vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Kwa desibeli 100, ambazo chumba kidogo chenye drams kinazifikia bila shida, una dakika 15. Mazoezi yetu huchukua saa tatu.

Na kama gitaa lako linatumia betri ya volti 9, chomoa jeki mazoezi yakiisha. Ikiwa imechomekwa, betri inaliwa hata ukiwa umelala, na itakwisha kwenye shoo, ubeti wa pili, sauti ikianza kukatika huku kila mtu akiilaumu ampu.