Dirisha linaganda likisubiri kazi ya nje: usisubiri, chungulia

Mkuu, umesema dirisha lako la Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha) linaganda mtumiaji akibonyeza "Geuza", pale programu inapoita ffmpeg, programu ya nje ya kugeuza video, kwa subprocess.run, ambayo husubiri hadi kazi iishe. Hilo lilinitesa sana, tena kwenye kazi hiyohiyo ya kugeuza video. Mtumiaji wangu mmoja wa Linux aliona dirisha limetulia tuli, akabonyeza kitufe mara nne. Mibonyezo yote ikakaa foleni: ffmpeg ya kwanza ilipomaliza ikaanza ya pili, kisha ya tatu. Video moja, kazi mara nne!

Uzi (thread, yaani mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaochora dirisha ndio huohuo unaopokea mibonyezo. Ukiufanya usubiri, hauchori wala hausikii. Windows nayo ikiona dirisha halijachukua ujumbe kwa sekunde 5 hulitangaza kuwa halijibu, hata kama kazi inakwenda vizuri.

Anzisha kwa p = subprocess.Popen(...), ambayo inarudi papo hapo, kisha weka root.after(100, chungulia): root ni dirisha kuu, na chungulia ni kazi (function) utakayoiandika mwenyewe, itakayoitwa baada ya milisekunde 100. Ndani ya chungulia ita p.poll(). Ikirudisha None, kazi bado, jipange tena milisekunde 100 mbele. Ikirudisha namba, imekwisha, na 0 ndiyo salama. Kitufe kizime mwanzoni, kiwashe mwishoni. Kuna watakaokuambia uite root.update() ndani ya kitanzi cha while. Nilifanya hivyo, mtu akafunga dirisha katikati ya kitanzi, msimbo ukaendelea kugusa vitu ambavyo havipo tena.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nilitaka kuonyesha maendeleo, nikaweka stderr=PIPE, yaani maelezo ambayo ffmpeg huandika kwenye mkondo wake wa stderr yapite kwenye paipu hadi kwenye programu yangu, ila nikaahirisha kusoma hadi kazi iishe. Video fupi zilipita. Ndefu zilikwama, dirisha likiwa hai kabisa na poll ikirudisha None tu, saa nzima. Kumbe paipu ina kipimo chake. Kwenye Linux kwa kawaida ni KB 64. ffmpeg humwaga maelezo yake kwenye stderr, na paipu ikijaa inasimama kungoja msomaji. Mimi nangoja imalize, yenyewe inaningoja nisome.

Siku hizi uzi wa pili ndio unaosoma mstari kwa mstari na kutia kwenye queue.Queue (foleni ya Python ya kupitishia data kati ya nyuzi), na chungulia inachota humo. Uzi huo usiguse chochote cha Tkinter, hata lebo ndogo. Kwenye amri ya ffmpeg ongeza -progress pipe:1 na -nostats, na kwenye Popen uunganishe mikondo kwa stdout=PIPE na stderr=STDOUT, utapata mistari kama out_time=00:01:12.480000. Gawanya kwa urefu wa video, asilimia hiyo hapo.

Halafu faili la matokeo likiwa lipo tayari, ffmpeg inauliza kama iandike juu yake, na swali lenyewe linatoka mahali ambapo hakuna macho. Muulize mtumiaji wewe mwenyewe kwanza, ndipo uweke -y (andika juu bila kuuliza), pamoja na -nostdin (usingoje kibodi).

Kitufe cha "Sitisha" ni p.terminate(), lakini usikimbilie kufuta faili lililoishia njiani. Acha poll irudishe namba kwanza. Nilipolifuta palepale, Windows ilinigomea kwa kuwa ffmpeg ilikuwa bado imelishika.