Hita ya jua yenye tangi ndani: mchana pekee hautoshi
Je, ukitengeneza modeli ya kompyuta ya hita hii, inatosha kuigiza mchana tu? Hapana, hutajua kama maji yatakuwa moto alfajiri. Tangi linalopokea jua lenyewe hupoteza joto usiku kupitia kioo kilekile kinachoingiza jua, kwa hiyo endesha modeli saa 24, siku kadhaa mfululizo. Nimepiga hesabu kwenye Excel: lita 150 za nyuzi 50 jioni, hewa ya nyuzi 20, upotevu wa wati 5 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya maji na hewa, baada ya saa 12 unabaki na 41 hivi. Bado za kuogea! Ila hapo nimechukulia maji yote yana joto moja. Tangi halisi lina tabaka, ya moto juu, kwa hiyo kwenye modeli ligawe vipande kadhaa, kila kimoja na joto lake.