Dozi ya insulini ya mlo: ushauri kwa wanaoanza kazi katika kliniki ya kisukari

Wauguzi na matabibu mnaoanza kazi katika kliniki za kisukari hapa Moshi na katika vijiji vya mlimani, ninawaandikia kuhusu insulini ya haraka, ile inayochomwa kabla ya kula. Mgonjwa anapoketi mbele yetu, macho huenda moja kwa moja kwenye namba ya kipima sukari, na mara nyingi dozi hupangwa kwa kuifuata namba hiyo peke yake. Ninawasihi muanze kwa kuuliza atakula nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu kazi kubwa ya dozi hii ni kukabiliana na chakula ambacho bado hakijaingia tumboni.

Tumchukue mtu mzima anayetumia jumla ya uniti 40 kwa siku, insulini ya muda mrefu na ya milo kwa pamoja. Kwa kanuni za makadirio zinazotumika kliniki, tukigawanya 500 kwa 40, tunakadiria kwamba uniti moja inatosha takriban gramu 12 za wanga. Tukigawanya 100 kwa 40, tunakadiria kwamba uniti moja itashusha sukari kwa milimoli 2.5 hivi kwa lita. Ikiwa chakula chake kina gramu 60 za wanga, na sukari yake ni 12 ilhali lengo alilowekewa ni 7, atahitaji uniti 5 kwa ajili ya chakula na uniti 2 za kusahihisha, yaani 7 kwa jumla. Hayo ni makadirio ya kuanzia, ambayo daktari huyarekebisha kwa kuangalia vipimo vya siku kadhaa, na si ajabu mtu yule yule akahitaji dozi kubwa zaidi asubuhi kuliko jioni kwa chakula kile kile.

Ugumu uko kwenye hizo gramu 60. Mgonjwa wa hapa hali vipande vya mkate vinavyohesabika; anakula kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), makande au ugali, tena mara nyingi kutoka sahani moja na wenzake. Mwombe akuonyeshe kwa ngumi yake au kwa bakuli kiasi anachokula, kisha mkubaliane juu ya kipimo hicho. Mtori unahitaji uangalifu wa pekee: kwa kuwa hunywewa kama supu, wapo wanaodhani hauna uzito, kumbe umejaa ndizi zilizopondwa, na ndizi za kupika ni wanga kama ulivyo ugali. Makande, kwa sababu ya maharage, hupandisha sukari polepole zaidi. Nyama yenye mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni, hivyo sukari inaweza kushuka mapema baada ya sindano na kupanda saa kadhaa baadaye. Ulizeni pia kuhusu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, bila kumhukumu mtu, maana ina wanga unaopandisha sukari na kilevi kinacholizuia ini kutoa sukari yake, na hatari ya kushuka huendelea hadi usiku, hasa kwa aliyelala bila kula.

Kuhusu saa, fahamuni kwamba insulini mpya za haraka, yaani lispro, aspart na glulisine, huanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 20 hivi, hufikia kilele kati ya saa moja na tatu, na huisha baada ya saa tatu hadi tano, ilhali insulini ya kawaida, ile ya zamani, ambayo wengi wa wagonjwa wetu huitumia huhitaji kuchomwa nusu saa kabla ya kula na hukaa mwilini kwa saa sita hadi nane. Zote hizi ni maji maangavu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Someni jina kwenye kichupa kila mara, hasa mgonjwa anapoletewa dawa na ndugu kutoka mbali. Aliyechoma ya haraka kisha akasubiri chakula kwa nusu saa, kama alivyozoea kwa ile ya zamani, yuko hatarini. Na anayepima saa moja baada ya kula, akaona sukari iko juu na kuongeza sindano nyingine, anarundika dozi juu ya dozi ambayo haijamaliza kazi yake.

Hakikisheni bomba la sindano ni la uniti 100 kwa mililita, kama ilivyo dawa yenyewe, na mwonyesheni mgonjwa kwamba kwenye mabomba mengi ya mililita moja kila mstari ni uniti mbili. Papaseni tumbo na mapaja kutafuta uvimbe unaotokana na kuchoma mahali pamoja. Akihamia kwenye ngozi nzima, dawa hufyonzwa vizuri zaidi na dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno.

Sukari ikiwa chini ya 4, isahihishwe kwanza: gramu 15 za sukari, ambazo ni takriban vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kwenye kadi, andikeni neno «uniti» kwa ukamilifu, kwa kuwa herufi U baada ya 6 imewahi kusomwa kama sifuri na kuifanya dozi kuwa 60. Chini yake muandike kwamba asipokula mlo, asichome dozi ya mlo huo, lakini insulini ya muda mrefu asiiache bila kuzungumza na kliniki.