Koili imekufa au inasingiziwa? Maswali ya wasomaji

Probox yangu ya injini 1NZ-FE inamisi, mashine inasoma P0302. Plagi nimebadilisha zote. Ninunue koili?

Bado. Koili ni kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, moja kwa kila silinda. Kodi ya kosa P0302 inasema silinda ya pili haichomi vizuri, basi. Haisemi kwa nini. Hamishia koili ya pili kwenye silinda ya tatu, ya tatu iende ya pili, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, geukia nozeli (ya kupulizia petroli), kompresheni (mgandamizo) na waya za soketi ya silinda hiyo. Osiloskopu (kifaa kinachochora umeme kwenye skrini) inakuwa na kazi pale misi (silinda kukosa kuchoma) inapokuja na kuondoka, au unaposhuku waya kuliko koili.

Klampu naifunga wapi, na osiloskopu naiseti vipi?

Lazima iwe klampu (koleo linalobana waya na kupima ampea bila kuukata) ya umeme wa DC yenye kusoma ampea ndogo. Ile ya mafundi wa nyumba inayosoma AC peke yake haitakuonyesha kitu. Koili za Toyota zenye waya nne zina chanya, athi (hasi), IGT (amri kutoka kompyuta ya injini) na IGF (jibu la koili). Ingiza waya wa chanya peke yake. Ukibana chanya na athi pamoja, sumaku zao zinafutana na utabaki na mstari bapa.

Klampu ikiwa mbali na waya, irudishe sifuri. Ukitumia ya milivolti 100 kwa ampea, seti milivolti 200 kwa kila chumba cha skrini: kila chumba ni ampea 2. Muda weka milisekunde 1 kwa chumba, triga (kiwango kinachoanzisha mchoro) kwenye milivolti 200 mchoro unapopanda. Mchoro ukitokea kichwa chini, geuza klampu.

Ukitaka koili zote nne kwa pamoja, chomoa fyuzi inayozilisha, weka kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea zilezile, bana klampu hapo, muda uwe milisekunde 20 kwa chumba. Injini ikizunguka 750 kwa dakika, vilima (ampea zinavyopanda na kushuka kwenye mchoro) vinakuja kila baada ya milisekunde 40, kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Fyuzi hiyo ikilisha na vifaa vingine, mchoro hautaanzia sifuri, usiogope.

Kilima kizuri kinafananaje?

Kinaanzia chini, kinapanda kwa mshazari kwa milisekunde chache, kisha kinakatika wima kurudi chini. Pale kinapokatika ndipo cheche inaporuka. Kupanda polepole kunatokana na waya uliozungushwa ndani ya koili: sumaku yake inapinga umeme usiingie kwa ghafla. Kwa hiyo mchoro ukiruka wima mwanzoni kabisa, halafu ndipo uanze mshazari, mizunguko ya ndani imegusana. Hapo koili ni ya kutupa.

Kilima kikipinda mapema na kuishia chini kuliko cha wenzake, kuna ukinzani njiani: soketi yenye kutu, athi iliyolegea, waya uliokatika nusu. Koili mpya haitasaidia. Kilima chenye meno meno ni mguso mbovu. Tikisa waya huku ukitazama skrini. Kilele bapa kwenye koili zote nne si ugonjwa, mara nyingi ni transista (swichi ya kielektroniki) inayozuia ampea zisipite kiasi.

Hakuna kilima kabisa? Pima IGT. Amri ya takriban volti 5 ikifika, na chanya na athi zipo, koili imekufa. IGT isipofika, fuata waya hadi kwenye kompyuta.

Kuna mtego mmoja: kilima kinaweza kuwa kizuri na cheche isifike kwenye plagi, kwa sababu inavujia kwenye mpira wa koili unaovaa juu ya plagi. Klampu inaona upande wa kuchaji tu. Ndiyo maana zoezi la kuhamisha koili halijapitwa na wakati.

Kwa nini multimita haitoshi?

Inapima koili ikiwa imelala. Kilovolti zinazotoboa mpira hazipo wakati huo, na koili ya waya nne ina transista katikati, hivyo om (kipimo cha ukinzani) utakazosoma hazina maana.

Koili yangu ni ya waya mbili. Naweza kupima volti moja kwa moja?

Usichomeke probu tupu. Umeme ukikatwa, upande wa kuchaji unaruka hadi volti 300 au 400, na unaweza kuunguza osiloskopu. Tumia kipunguzi cha 20:1, kinachogawa volti kwa 20. Baada ya mruko, mstari wa cheche ukae kama milisekunde 1 hadi 2, ufuatiwe na mawimbi machache. Mawimbi yakikosekana, shuku mizunguko iliyogusana.

Nimebadilisha koili mara mbili, zinaungua tena.

Anza na plagi. Pengo likipanuka kwa kulika, koili inalazimika kupandisha volti zaidi, nazo hutafuta njia kupitia mpira. Plagi mpya za 1NZ-FE ni takriban milimita 1.1. Kisha chungulia shimo la plagi: oili humo inalainisha mpira, na chanzo ni sili za kava ya valvu. Na acheni kuchomoa koili juu ya plagi injini ikiunguruma. Cheche isiyo na pa kwenda hutoboa koili kutokea ndani; chomoa soketi badala yake, tena kwa sekunde chache, maana petroli isiyoungua inaharibu katalisti (kisafisha moshi).